Mgombea Urais Akija Mji wa Wanafunzi, Nani Ataleta Swali?



Katika mkutano wetu wa mwisho na wawakilishi wa vikundi vya vijana, mmoja wenu alituuliza jambo ambalo hatukuweza kulijibu papo hapo. Alisema: «Wazee wetu, Katiba ikifuatwa, mwaka 2028 wagombea urais watarudi hapa Lubumbashi. Je, twende kwenye mikutano yao au tubaki nyumbani?» Baadhi yetu walijibu haraka kwamba kijana mkristu hana kazi katika kelele za kampeni. Wengine walisema kwamba siasa ni haki ya kila raia, basi kila mmoja afanye apendavyo. Tulirudi nyumbani bila kuridhika na jibu la kwanza wala la pili. Tumeona afadhali kulijibu swali hilo kwa maandishi sasa, wakati magari yenye vipaza sauti hayajaanza kuzunguka mitaani na vichwa vyetu vingali vimetulia.

Jibu letu ni hili: nendeni. Lakini nendeni na nguo zenu wenyewe, kwa miguu yenu wenyewe, na mkiwa na swali mlilolitayarisha pamoja. Hatusemi hivyo kwa sababu sisi ni wenye hekima kuliko ninyi. Tunasema hivyo kwa sababu mwaka 2023 tulikosea, na kosa letu liliwagharimu ninyi.

Mnakumbuka ilivyokuwa. Kampeni ya urais ilifunguliwa tarehe 19 Novemba 2023, ikafungwa usiku wa tarehe 18 Desemba, na kura ikapigwa tarehe 20. Ulikuwa mwezi mzima wa mvua na nyimbo. Mji wetu unajulikana kwa shaba, lakini ni mji wa wanafunzi pia. Tangu chuo kikuu kilipoanzishwa hapa katika miaka ya 1950, vijana wamekuja kutoka kila upande wa nchi kutafuta elimu, na mitaa yote inayozunguka kampasi inaishi kwa ajili yao: wenye nyumba za kupangisha, wenye mashine za kunakili vitabu, akina mama wanaouza mikate na maharagwe. Kila mgombea analijua jambo hilo. Anajua kwamba hapa atakuta vijana maelfu mahali pamoja, wenye sauti na wenye simu za kusambazia picha, na ambao wengi wao hawana kitu mfukoni.

Hatutataja jina la mgombea yeyote. Waliokuja mjini si mmoja, na mambo tuliyoyaona kwa huyu tuliyaona kwa yule.

Siku mbili kabla ya mkutano mmoja, kijana tunayemfahamu alifika uani mwa parokia na mifuko ya fulana. Mpango ulikuwa rahisi: atakayevaa fulana na kupanda basi atapewa kofia na faranga 5,000. Vijana wengi wa kwaya walijiandikisha. Kisha yule kijana akatuomba ngoma. Sisi wenye ufunguo wa ghala tulitazamana, tukaambiana kwamba ni shughuli ya vijana tu, tukazitoa. Jina la parokia lilikuwa limeandikwa kwenye ngoma zote mbili kwa rangi nyeupe. Jioni ileile picha zilikuwa zimeenea: ngoma za parokia mbele ya jukwaa la mgombea, na jina letu likisomeka vizuri kuliko bango lake.

Wiki iliyofuata, watu wa upande mwingine walikuja kuomba ngoma zilezile. Tulipokataa, walituuliza: «Mliwapa wale, kwa nini mnatunyima sisi?» Hatukuwa na jibu, kwa sababu jibu la haki halikuwepo. Tangu siku hiyo kikundi cha vijana kiligawanyika. Yakaanza kusikika maneno ambayo hatukuyatarajia katika uwanja wa kanisa: huyu ni mtoto wa kwetu, yule ni mgeni; warudi kwao. Vijana wawili waliokuwa wakilala chumba kimoja karibu na kampasi, wakipika katika sufuria moja, walipigana baada ya mazoezi ya kwaya, na mmoja wao akashonwa usoni. Mama yake alikuja kwetu. Hakupaza sauti. Alisema tu: «Mimi nilimtuma mwanangu kwenu ili awe salama.» Neno hilo hatujalisahau.

Na huko mkutanoni ilikuwaje? Tuliwauliza waliorudi. Walikuwa wamesimama tangu asubuhi, mgombea alifika alasiri, akahutubia kwa muda mfupi, akaondoka na msafara wake. Waliweza kutuimbia wimbo wa kampeni tangu mwanzo hadi mwisho. Tulipowauliza alisema atafanya nini kuhusu masomo, kazi au umeme, walianza kubishana wao kwa wao. Binti mmoja anayesomea uchumi alituambia: «Nilisimama saa sita. Hakuna aliyeniuliza kitu, wala mimi sikumuuliza mtu.»

Tumelitafakari sana neno la binti huyo. Watu wengi husema: «Chukua pesa zao, kisha piga kura unavyotaka, kura ni siri.» Ni ushauri unaotolewa hata na watu wema, nao unaonekana kuwa na werevu ndani yake. Kweli kura ni siri. Lakini tunadhani ushauri huo haujaelewa biashara yenyewe. Anayegawa fulana anajua vizuri kwamba hawezi kuingia nawe katika chumba cha kupigia kura. Anachonunua kwa faranga zake ni swali lako. Ananunua siku nzima ambayo utasimama mbele ya mtu anayetaka kuitawala nchi, bila kumdai kitu. Na miaka miwili baadaye, barabara ikiwa bado mashimo, utakapofungua kinywa kulalamika, mtu atakukumbusha: si ulikuwa kule mbele, na fulana, ukicheza? Nawe utanyamaza. Ukimya huo ndio uliolipiwa.

Tufanye hesabu, kwa kuwa wengi wenu mnapenda hesabu. Muhula wa rais ni miaka 5, yaani siku 1,826. Ukizigawanya faranga 5,000 kwa siku hizo, hupati hata faranga 3 kwa siku. Hazinunui hata pipi moja. Esau aliuza haki yake ya mzaliwa wa kwanza kwa bakuli la mchuzi wa dengu, lakini yeye angalau alishiba siku ile.

Hata hivyo hatutaki kuwahukumu waliopanda basi. Tunajua maisha ya mwanafunzi anayepangisha chumba, ambaye mzazi wake yuko mbali na hajalipwa. Tunajua kwamba kwa wengine zile faranga 5,000 zilikuwa chakula cha siku mbili, na ile fulana ndiyo nguo mpya pekee ya mwaka. Mtu mwenye njaa hatendi dhambi kwa kuwa na njaa. Aibu ni ya yule anayeijua njaa hiyo na kuifanya kuwa chombo cha kampeni, na ni ya sisi wakubwa tulioona, tukatoa na ngoma. Kama kikundi chetu kingekuwa na utaratibu wa kusaidiana katika siku ngumu, pengine wengine wangekuwa na uhuru wa kusema hapana. Hilo nalo ni deni letu.

Huenda mmoja wenu akafikiri kwamba tunakuza jambo dogo. Basi na tukumbuke kidogo historia ya mji huu, maana wengi wenu mlizaliwa baadaye. Tarehe 24 Aprili 1990 Rais Mobutu alitangaza mwisho wa chama kimoja. Wanafunzi wa Lubumbashi, kama wenzao wa miji mingine, walianza kuuliza maswali kwa sauti. Usiku wa tarehe 11 kuamkia 12 Mei mwaka uleule, watu wenye silaha waliingia kampasini wakawashambulia wanafunzi. Idadi ya waliouawa imebishaniwa tangu siku ile, lakini kwamba damu ya wanafunzi ilimwagika hapa, hakuna anayekana. Miaka miwili baadaye, mwaka 1992 na 1993, maneno yale ya «warudi kwao» yalitoka midomoni yakawa matendo: familia nyingi mno zenye asili ya Kasai zilifukuzwa Katanga, zikalala kwenye vituo vya treni huko Likasi na Kolwezi, na watoto wengi wakafa njiani. Wazee wengi mnaowaona kwenye Misa ya kwanza waliyaona hayo kwa macho yao. Ndiyo maana waliposikia maneno yale mwaka 2023, walitetemeka kabla yenu.

Tarehe 11 Desemba 2018, mgombea Martin Fayulu alipofika Lubumbashi, polisi waliutawanya umati uliokuja kumpokea, na kuna waliopoteza maisha. Tarehe 28 Novemba 2023, kule Kasumbalesa, mpakani na Zambia, kiongozi wa vijana wa chama kimoja cha upinzani aliuawa katika ghasia za wafuasi. Alikuwa kijana, na inaelekea waliomuua walikuwa vijana pia. Wagombea wao hawakuguswa. Mkutano wa kampeni, basi, si mchezo wa mpira ambao baada yake kila mmoja hurudi nyumbani akiwa na wimbo tu.

Kwa nini basi tunasema nendeni? Kwa sababu kukaa nyumbani hakujatuokoa. Katika uchaguzi wa 2023 wapiga kura walioandikishwa walizidi milioni 43, na waliojitokeza walikuwa kama asilimia 43 tu. Wako wananchi ambao hawakupewa hata nafasi ya kuchagua: huko Masisi na Rutshuru, na huko Kwamouth, vita na ukosefu wa usalama viliwazuia watu kupiga kura. Mtu wa Rutshuru aliyekuwa katika kambi ya wakimbizi siku hiyo angetembea kilomita nyingi ili apate karatasi ile ambayo mwenzetu wa hapa aliidharau. Tena, ninyi mnaosoma sheria, uchumi, kilimo na madini mkikaa nyumbani, uwanja hautabaki mtupu. Utajazwa na waliokodiwa.

Nendeni, basi, na swali. Swali zuri la kumuuliza mgombea urais linahusu jambo lililo katika mamlaka yake na linaloweza kupimwa. «Utatufanyia nini vijana?» si swali, ni mlango uliofunguliwa kwa ahadi yoyote. Tunawapa mifano mitatu.

Wa kwanza. Katiba ya 2006, katika kifungu cha 175, inasema kwamba asilimia 40 ya mapato yenye sura ya kitaifa ni fungu la mikoa, nayo yakatwe palepale yanapokusanywa. Mikoa imelalamika miaka yote kwamba hailipati fungu hilo kama lilivyoandikwa. Mgombea atafanya nini, na katika mwaka gani wa muhula wake, ili kifungu hicho kitekelezwe?

Wa pili. Sheria ya madini iliyorekebishwa mwaka 2018 inagawa ushuru wa madini hivi: asilimia 50 kwa serikali kuu, 25 kwa mkoa, 15 kwa komuni, sekta au uchifu ambako madini yanachimbwa, na 10 kwa mfuko wa vizazi vijavyo. Vizazi vijavyo ni wadogo zenu. Ni nani atatangaza hadharani, kila mwaka, kiasi kilichoingia katika kila fungu na kazi kilichofanya?

Wa tatu. Kifungu cha 43 cha Katiba ileile kiliahidi shule ya msingi ya bure katika shule za serikali. Ahadi iliandikwa 2006. Ilianza kutekelezwa nchini kote mwezi Septemba 2019. Miaka 13 ilipita, na wazazi waliendelea kulipa. Je, mwanafunzi wa chuo kikuu naye angoje miaka mingapi ili apate mkopo au msaada wa masomo unaotolewa kwa haki, bila kumjua mkubwa?

Mtatuambia kwamba katika mikutano ile hakuna nafasi ya kuuliza, kwamba kipaza sauti ni cha mgombea peke yake. Ni kweli, na kwa sababu hiyo swali lisingoje siku ya mkutano. Liandikeni katika ukurasa mmoja, kwa jina la kikundi na kwa adabu, mlipeleke katika ofisi ya kila mgombea hapa mjini, bila kumbagua hata mmoja. Waalikeni wawakilishi wa pande zote katika ukumbi mmoja, siku moja, kila mmoja apewe dakika zilezile. Atakayekataa kuja, kiti chake kibaki wazi mbele ya watu. Siku ya mkutano, mwende wawili wawili na daftari, mwandike ahadi zote pamoja na tarehe. Daftari hilo likabidhiwe kwa kikundi kitakachowafuata, kwa maana ninyi mtamaliza masomo na kuondoka, lakini ahadi itabaki hapa. Na baada ya uchaguzi msimsubiri rais peke yake: wabunge wa taifa na wa mkoa mliowachagua siku ileile wanaweza kufikiwa, nao wana wajibu wa kuuliza kwa niaba yenu.

Siku ya kura, kazi inaendelea. Sheria inataka matokeo ya kila kituo yabandikwe hapo kituoni ili kila mtu ayasome. Mwaka 2018 maaskofu wetu walituma waangalizi wapatao 40,000 nchini kote, wengi wao walei wa kawaida, walimu na vijana kama ninyi. Mwangalizi aliyekula pesa za upande mmoja hafai kwa kazi hiyo, hata akiwa na elimu ya kutosha. Hapo ndipo mtaona kwamba fulana mliyoikataa mwezi Novemba ilikuwa na thamani kuliko ile iliyochukuliwa.

Tarehe 2 Februari 2023, Baba Mtakatifu Fransisko alikutana na vijana katika uwanja wa Stade des Martyrs, Kinshasa, akawaomba wasiukubali ufisadi. Aliwakumbusha habari za Floribert Bwana Chui, kijana wa Goma aliyeuawa mwaka 2007, akiwa na umri wa miaka 26, kwa sababu alikataa kupokea pesa ili aruhusu chakula kilichoharibika kipite mpakani. Tarehe 15 Juni 2025, huko Roma, Eklezia ilimtangaza kuwa mwenye heri. Floribert hakuwa mgombea, wala hakuhutubia umati. Alikuwa mtumishi wa serikali aliyesema hapana mezani pake, watu wengine wasije wakala sumu. Uwanja ule ulipiga makofi siku ile. Miezi tisa baadaye, kampeni zilipofunguliwa, mifuko ya fulana ilifika uani mwetu, nasi tulikuwa tumeshasahau tulichokipigia makofi.

Kwa upande wetu, tumeamua mambo mawili, na tunayaandika hapa ili mtushitaki tukiyavunja. Ngoma, viti, ukumbi na jina la parokia havitatolewa kwa kampeni ya mtu yeyote, hata akiwa ndugu yetu, hata akiwa mfadhili wetu. Na mwezi mmoja kabla ya kampeni kufunguliwa tutakaa nanyi, wa asili zote na wa pande zote, kutayarisha maswali. Wale vijana wawili waliopigana wamekubali kuongoza kikao hicho pamoja. Hawajarudi kulala chumba kimoja. Lakini wamekubali kukaa meza moja, na sisi tunaona hapo pa kuanzia.

Maswali ya kujadili katika kikundi

1. Katika kampeni iliyopita, ni kitu gani kilichotoka katika kikundi chetu kikatumiwa na mgombea: watu, vyombo, jina, wimbo? Ni nani aliyekubali kitoke?

2. Ni maneno gani yaliyosemwa kati yetu wakati ule ambayo hatujaombana msamaha mpaka leo?

3. Kama tungepewa dakika moja mbele ya mgombea urais, tungemuuliza swali gani moja? Liandikeni, kisha mtuletee.